Jembe Moja, Nyumba Moja

Sheria yenyewe aliitunga Ogola, na siku alipoitunga, mkewe Wilkista alipiga makofi kuliko mtu mwingine yeyote. Hilo lisisahaulike, maana baadaye watu wa skimu walisema mengi, na wengine walijifanya sheria ile ilishuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Ilitungwa uwanjani pa shule, mchana kweupe, na watu waliokuwa na akili zao timamu.

Skimu yao ilikuwa ukingoni mwa Chepilat, pale ambapo zamani palikuwa malisho ya ng'ombe wa mzungu. Baada ya uhuru vipande viligawanywa, Wakisii wengi wakapata, na Wajaluo wachache waliokuwa wamefanya kazi kwenye viwanda vya majani chai nao wakapata. Jioni ukisimama hapo, uliona ng'ambo ya bonde taa za kiwanda zikiwaka mstari mrefu, na kila mtu alijua kwamba zinawashwa na maji ya mto. Maji hayohayo, jamani, yaliyopita chini ya mashamba yao bila kuwafanyia lolote zaidi ya kunyweshea ng'ombe. Huku kwao giza likiingia kila mtu aliwasha koroboi yake, akakohoa moshi wake.

Ogola alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Alipotoka kazini alikuja na mtambo mdogo wa maji, uliokuwa ukiendesha msumeno wa mzungu mmoja aliyefunga virago kurudi kwao. Watu walimcheka. Wakasema mzee amezoea kelele za mashine, hawezi kulala bila hizo. Yeye akaenda zake hadi kwenye kijito cha Chebarus, akapima kwa macho na kwa kamba, akarudi akawaambia kwamba wakichimba mtaro kutoka juu ya maporomoko mpaka mteremko wa shamba la Arasa, kila nyumba ya skimu itakuwa na taa. Stima ya serikali, alisema, itafika hapa wakati sisi tumeshazeeka. Hii tutaichimba wenyewe, na kwa sababu tumeichimba wenyewe hakuna atakayekuja kutukatia.

Ndipo sheria ikatoka. Jembe moja, nyumba moja. Kila nyumba itoe mtu wake kwenye zamu, na nyumba itakayokosa zamu mara kwa mara iondolewe kwenye waya. Kibarua wa kukodi hakutakiwa, maana Ogola aliwajua watu: mwenye uwezo angekodi vijana wa Ndanai, akae nyumbani akinywa chai, halafu mtambo ukiharibika aseme si wangu. Alitaka kila mtu awe na jasho lake ndani ya mtaro. Nani angepinga neno kama hilo? Arasa, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, mtu mpole asiyependa fujo, aliuliza kama kuna mwenye swali. Hapakuwa na swali, watu wakaenda kunoa majembe.

Wilkista alipewa kazi ya kuziita nyumba upande wa wanawake. Na aliziita kweli. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, na hakuwa na simile. Asubuhi ya zamu alipita njiani akigonga karai kwa kijiko, na ole wake atakayesema mgongo unamuuma. Wanawake walimwogopa na kumpenda kwa pamoja, kwa sababu yeye mwenyewe aliingia mtaroni wa kwanza na kutoka wa mwisho.

Basi ikafika zamu ya nyumba ya Momanyi. Momanyi mwenyewe alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la chai upande wa Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na mkewe Yunia alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike, Bitutu. Kwa Wakisii mzazi hatoki nje kushika jembe. Anakaa ndani, analetewa uji wa wimbi, mwili urudi. Yunia hakuwa na mama mkwe wa kumletea uji, aliupika mwenyewe, lakini ndani alikaa, kama mama yake alivyokaa na bibi yake. Zamu ikampita, ikampita tena. Kwenye mkutano mtu mmoja akasema labda asubiriwe kidogo. Wilkista akasimama.

"Kuzaa si ugonjwa," alisema. "Mimi nilimzaa Ajwang, na kabla kitovu hakijaanguka nilikuwa kwenye mahindi. Tukianza kusubiriana, mtaro huu utachimbwa na wajukuu."

Watu walicheka. Arasa alikuna kichwa, akatazama huku na huku kama kuna atakayemsaidia, na Ogola akainamisha uso akachezea kofia yake. Nyumba ya Yunia ikaondolewa kwenye waya. Jioni ile, wakila, Ogola alimwambia mkewe kwamba pengine amekuwa mkali mno, naye akamjibu kwamba sheria ni yake, yeye anaitunza tu. Ogola akaendelea kula.

Mvua za Aprili zilianza mapema mwaka ule. Kwenye kona ya mtaro, pale unapozunguka mwamba, ukingo ulikuwa mrefu na udongo wake mwekundu ulikuwa umelewa maji. Ogola aliwaambia wengine wakae kando, akaingia mwenyewe kulegeza jiwe lililoziba njia. Ukingo ukamshukia. Walimchimbua kwa majembe yaleyale na kwa mikono, wakipiga kelele za kuitana, na walipomfikia alikuwa ameshakwenda. Walimzika nyumbani kwake, upande wa kulia wa nyumba, na Wilkista alilia mpaka sauti ile ya kuitia ng'ombe ikakauka kabisa.

Baada ya mazishi Owino alikuja kumwona. Owino alikuwa binamu ya marehemu, mwashi wa mawe, na ndiye aliyewaongoza Wajaluo waliokuwa wakijenga tangi la maji juu ya mtambo. Alikaa nje kwenye kigoda, akazungumza kwa heshima, akasema mambo ya desturi yana mwenyewe na hayakwepeki, kwamba mjane hawezi kubaki hivihivi, lazima arithiwe, nyumba ya ndugu wa marehemu impokee. Wilkista alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha Umoja wa Akina Mama. Akamjibu kwamba ameolewa mara moja, na mumewe amelala pale, anaonekana. Owino hakukasirika. Alisema tu kwamba basi, mpaka hapo atakapobadilisha mawazo, yuko ndani ya mwiko, na wao hawatashika kazi moja na yeye. Maneno yenyewe yalikuwa machache, lakini yalikuwa mazito.

Wilkista hakuyaamini. Alifikiri ni maneno ya msibani tu, yatapita. Zamu ya nyumba yake ilipofika alichukua sururu ya Ogola, akajikaza, akashuka mtaroni kama zamani. Lo! Owino alisimamisha kazi, akaweka chini nyundo yake, akapanda juu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakakaa kwenye nyasi wakitazama bonde. Wakisii nao wakaona aibu kuchimba peke yao, wakaegemea majembe. Arasa akaja mbio. Alimvuta Wilkista kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba haya ni mambo ya nyumbani kwenu, mimi siyaingilii, lakini mvua inakuja na mtaro lazima uishe, rudi nyumbani, mama, upumzike.

"Na zamu yangu?" Wilkista aliuliza.

Arasa akakuna kichwa. Sheria unaijua, alisema. Ni ya marehemu mwenyewe.

Alirudi nyumbani na sururu begani, akaiegemeza kwenye kaburi, akaketi chini. Hebu fikiri mwenyewe. Mume amekufa mtaroni, na kwa sababu amekufa, mke hawezi kuingia mtaroni, na kwa sababu haingii mtaroni, taa ya mume haitawaka nyumbani kwa mume. Skimu nzima itawaka isipokuwa nyumba ya Ogola. Alihisi hasira, na hakujua amkasirikie nani: Owino, Arasa, Mungu, au yule aliyelala kimya pembeni yake. Kitu kimoja tu alikijua. Taa ile lazima iwake. Hapakuwa na kumbukumbu nyingine ya Ogola iliyobaki mikononi mwa watu.

Sheria ilikataa kibarua wa kukodi, lakini haikumkataza jirani kumshikia jirani jembe. Ajwang, mwanawe pekee, alikuwa ameolewa mbali. Wilkista alizipitisha nyumba zote kichwani. Wajaluo hawatakubali. Wakisii wengine wana zamu zao, na wanawake aliowagongea karai masikioni sasa walikuwa wakipumua. Ilibaki nyumba moja ambayo haikuwa na zamu yoyote, kwa sababu yeye mwenyewe aliitoa.

Alikwenda mchana. Hakuingia bomani. Alijiambia kwamba mambo ya mwiko ni upuuzi, lakini ndani kulikuwa na mtoto mchanga, na mwiko husemwa unadhuru watoto, na miguu yake ilikataa kuvuka lango. Akasimama nje ya ua wa michongoma, akabisha. Yunia alitoka na Bitutu mgongoni, akasimama upande wa pili. Alikuwa amekonda. Alimwamkia vizuri, akampa pole ya msiba, kisha akauliza kama amekuja kumwita tena.

Wilkista akasema hapana, amekuja kumwomba jembe lake. Akaeleza, akajikwaa, akaeleza tena. Yunia alisikiliza mpaka mwisho huku akimtikisa mtoto.

"Kufiwa nako si ugonjwa, Mama Ajwang," alisema.

Alilisema polepole, bila chuki, kama mtu anayerudisha ungo alioazimwa. Wilkista akatazama chini. Angeondoka, na alikuwa ameshageuka, ndipo Yunia akasema atachimba. Lakini hatachimbia nyumba moja. Atachimba zamu za mjane na zamu zake zilizopotea, yote kwa jembe lake, na siku ya kamati watasimama wote wawili waombe waya mbili. Mmoja ametoka kuzaa, mwingine ametoka kuzika. Kama kamati ina macho, itaona.

"Tutasimama pamoja?" Yunia aliuliza.

"Tutasimama pamoja," Wilkista alisema. Na alimaanisha, msidhani hakumaanisha.

Basi Yunia akachimba. Aliacha mtoto kivulini, akamnyonyesha, akarudi mtaroni. Alipewa kipande cha kona, pale pabaya ambapo wengine walikuwa wakipakwepa tangu ajali, na hakubishana. Wilkista hakuruhusiwa kukaribia, kwa hiyo alimpikia. Jioni alimwachia sufuria ya ugali na mboga langoni, Yunia akaichukua giza likiingia, na asubuhi sufuria ikarudi imeoshwa. Waliongea kidogo tu, wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa michongoma. Mtaro ukaisha. Maji yakaingia ndani yake yakiwa mekundu, watoto wakayakimbilia kando kwa kelele, na mtambo wa Ogola ukaanza kuzunguka.

Kamati iliitwa Jumamosi kugawa waya. Waya haukuwa mwingi, na mtambo ni mdogo, Arasa alisema, kila nyumba balbu moja. Nyumba zikatajwa, watu wakaitikia kwa vicheko. Walipofika kwa Ogola, watu wakageuka kumtazama Wilkista. Arasa akasimama. Akasema kamati imeona jembe la Yunia likifanya kazi ya kupigiwa mfano, lakini sheria ni jembe moja, nyumba moja. Jembe haliwezi kuchimbia nyumba mbili. Wakikubali hilo leo, kesho kila mtu ataleta shemeji yake. Akageuka, na kwa upole wake uleule ambao wakati mwingine unaumiza kuliko ukali, akamuuliza Wilkista.

"Jembe hili lilichimbia nyumba gani?"

Yunia alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mtoto kifuani. Alianza kuinuka ili wasimame wote wawili kama walivyoagana. Wilkista alimwona akiinuka. Aliona pia, nyuma ya Arasa, nguzo za mkaratusi zikishuka mteremko kuelekea kwake, nguzo ambazo Ogola alizichagua moja moja, na moyo wake ukaruka mbele ya ulimi.

"Ya Ogola," alisema.

Hakusema yangu. Alisema ya Ogola, akajificha nyuma ya kaburi. Yunia alibaki amechuchumaa nusu kwa muda, kisha akaketi. Hakuna aliyemuuliza kitu, na Arasa akashusha pumzi, akataja nyumba inayofuata.

Jioni taa zikawashwa. Skimu nzima ilipiga vigelegele, hata watu wa ng'ambo ya mto walitoka nje kutazama. Kwa Wilkista balbu ilining'inia juu ya meza, ikatetemeka mara mbili tatu, ikatulia. Alikuwa amesubiri saa hiyo kwa muda mrefu, akidhani atalia. Hakulia. Aliona ukuta ulivyokuwa mweusi kwa masizi ya miaka, akaona kiti cha Ogola kina vumbi. Hakuna mtu wa kwao aliyekuja kusherehekea. Mwiko ulikuwa palepale. Akakaa peke yake chini ya mwanga wake.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Yunia, na Bitutu mgongoni, ameleta sufuria ya jana. Wilkista alidhani ataiweka kizingitini kama kawaida, lakini aliingia mpaka ndani, akaiweka mezani. Akainua uso akaitazama taa. Alisema ni nzuri, haina moshi, macho ya mtoto yangeipenda. Mikono yake ilikuwa bado juu ya sufuria, na Wilkista akaiona.

Siku zote alikuwa akiiona jioni, kwenye giza la michongoma. Sasa aliiona kwenye mwanga. Viganja vilikuwa vimechubuka, malengelenge yamepasuka juu ya malengelenge, na kwenye kidole kimoja ukucha ulikuwa umeng'oka na kufungwa kwa kitambaa cha kanga ya mtoto. Mikono ya mwanamke aliyetoka kuzaa. Yunia akamtakia usiku mwema, akaenda zake. Kupitia dirishani Wilkista alimwona akivuka njia, na baada ya muda koroboi ikawashwa kwa Momanyi, nukta moja nyekundu katikati ya nyumba zote zilizowaka. Akazima taa ya Ogola. Akakaa gizani, na hapo ndipo alipolia.

Wiki haikupita kabla ya mvua kubwa kunyesha. Tope likajaa mtaroni, taa zikafifia zikawa kama macho ya mgonjwa, na Arasa akaita nyumba zote kwenda kuzibua. Wilkista hakungoja kuitwa wala kukatazwa. Alitwaa sururu kutoka kaburini, akapita katikati ya watu, akashuka mtaroni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kona, maana hapo ndipo tope lilikuwa nene zaidi, na tangu mumewe azikwe hakuwahi kupakanyaga.

Owino akapanda juu. Wenzake wakapanda. Wakisii wakaegemea majembe, kama siku ile. Wilkista hakuinua kichwa. Alipiga sururu, akachota tope kwa mikono, akalitupa nje, akapiga tena, na maji baridi yakamfika magotini.

Arasa alisimama ukingoni akamwambia kwamba nyumba yake iko kwenye waya tayari, hana haja ya kujitesa, atoke wenzake waendelee.

"Sijaja kuchimbia nyumba yangu," Wilkista alisema. Sauti ile ya zamani ilikuwa imerudi, na iliwafikia wote mpaka walioketi kwenye nyasi. "Nyumba yangu ilichimbwa na Yunia. Niliwadanganya. Hili jembe ni la nyumba ya Yunia, na kama halitoshi, kateni waya wangu mumpelekee."

Arasa alikuna kichwa, akasema jambo hilo litabidi lirudi kwenye kamati, kisha akanyamaza kwa sababu hata yeye alisikia neno lake lilivyo dogo. Owino alikuwa ameshika nyundo yake, akiigeuzageuza. Hakushuka, lakini hakuondoka.

Yunia alikuja akipita kando ya mtaro, mtoto mgongoni na karai mkononi. Mtu fulani alikuwa amekwenda kumwambia. Alisimama juu ya kona, akamtazama mwanamke yule aliyejaa tope mpaka kwenye kitambaa chake cheupe cha kanisa. Hakutabasamu, na uso wake haukusema kama amesamehe. Akautazama udongo mwekundu uliokuwa juu ya kichwa cha Wilkista, ulivyolowa, ulivyoanza kupasuka mstari mwembamba. Akashuka taratibu upande wa pili, akashikilia karai.

"Toka chini ya ukingo huo, Mama Ajwang," alisema. "Chimba huku kwangu."

Wilkista akasogea.